Tochi ndogo ya LED inayokaa mda mrefu na betri, ni ya bi mkubwa kijijini

MkingaMjini:

Wakuu habari za usiku na poleni na majukumu. Bi mkubwa wangu yuko Makete, nyumba yake iko bondeni na nguzo za umeme zimeishia kule juu barabarani, kwahiyo usiku anategemea tochi kwa kila kitu, kwenda choo cha nje, kuangalia kuku wakianza kelele, kutafuta funguo. Tochi za kuchaji nimeshamnunulia tatu. Ya kwanza ilikaa miezi minne, ya pili haikufika hata miwili, ya tatu ipo kabatini inawaka dakika tano inazima, na kuchaji kwenyewe mpaka ampe kijana apeleke senta, alipie, airudishe kesho yake. Siku hizi ameamua anatumia simu yake ya kitochi, matokeo yake simu inazima, tunampigia hapatikani, tunaanza kupigiana ndugu wote mama kapatwa na nini, kumbe alikuwa anatafuta kuku.

Nataka tochi NDOGO ya LED, ya betri za kununua dukani, iwake mda mrefu. Sio lazima imulike mpaka kijiji cha pili. Hapa mjini kila duka ninaloingia wananiwashia tochi machoni wanasema masaa 100, sijui nimwamini nani. Bajeti isizidi elfu 30. Mwenye uzoefu naomba msaada.

Ngosha_wa_Igoma:

Sola mkuu. Anaanika mchana usiku anawasha, yameisha.

MkingaMjini:

@Ngosha_wa_Igoma alikuwa nayo. Wewe hujafika Makete wakati wa mvua, ukungu unaingia mpaka jikoni, na akisahau kuitoa nje siku moja ndo basi usiku huo yuko gizani. Ana miaka 71, siwezi kumpa kazi ya kuanika taa kila siku kama mahindi.

fundi_lehemu:

Mkuu nimekuelewa vizuri maana tochi za namna hiyo naletewa kila wiki. Kwanza zile za kuchaji zilizokufa, fungua hiyo ya kabatini utakuta kibetri cha boksi kimeandikwa 4V, hiyo ni betri ya lead asidi, ndugu yake na ya gari. Betri ya namna hiyo ukiiacha imeisha chaji wiki mbili tatu inaganda ndani hairudi tena, sasa mama anaitumia mpaka inazima kabisa alafu inakaa siku nne inasubiri kijana aende senta, hapo lazima ife tu, hata ungemnunulia ya kumi.

Pili hayo masaa 100. Zile tochi za bei rahisi zenye vitaa tisa mbele na betri tatu nyembamba za AAA kwenye kile kibebeo cha plastiki, zinakula betri moja kwa moja bila saketi yoyote ya maana. Ukiweka betri mpya inawaka kali sana, baada ya lisaa imepungua, baada ya masaa matatu manne unaona njano njano, alafu hapo ndo inakaa kama kaa la moto siku nzima na siku nyingine. Mwenye duka anahesabu mpaka hilo kaa. Hata makampuni makubwa yenyewe yana kipimo chao kinaitwa ANSI FL1, kilitoka 2009, mda wa kuwaka wanahesabu mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwahiyo ukisoma boksi limeandikwa lumeni 300 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) na masaa kadhaa ujue sio lumeni 300 masaa yote hayo.

Sasa unachotaka wewe ni hiki: tochi ya betri MOJA ya AA, hizi za saa ya ukutani, yenye saketi ndani na yenye mwanga wa hatua tatu, juu kati chini. Kwanini saketi? LED nyeupe inataka volti karibu 3 ndo iwake, na betri moja inatoa 1.5, kwahiyo lazima kuwe na kisaketi cha kupandisha volti, na kisaketi hicho hicho kinainyonya betri mpaka tone la mwisho. Betri ambayo saa ya ukutani imeshaikataa, tochi ya hivi kwenye mwanga wa chini bado inawaka nayo.

Jinsi ya kujua itakaa mda gani usimuulize muuzaji, nenda na mita ya kupimia umeme. Fungua kifuniko cha nyuma, weka mita kwenye ampia, waya mmoja uguse sehemu ya chini ya betri na mwingine uguse ukingo wa bati la tochi pale kifuniko kinapofungia, tochi itawaka kupitia mita. Ninayotumia mimi hapa kibandani nimepima, juu inakula miliampia 900, kati 250, chini 22. Betri ya alkali ya AA ikitumika taratibu ina kama miliampia-saa 2500, ndo ile mAh inayoandikwa kwenye betri. Gawanya upate masaa. Juu haifiki hata masaa matatu na itapata moto, chini unapata zaidi ya masaa 100 kwenye karatasi, sema toa kidogo kwa sababu betri ikichoka saketi inavuta zaidi kufidia. Hata ukitoa robo nzima, mama anaye­washa nusu saa kwa usiku hiyo ni miezi mitano.

Ngosha_wa_Igoma:

Mwanga wa miliampia 22 si wa kusomea mende huo 😂

Zamu_ya_Usiku:

@Ngosha_wa_Igoma unachekesha ila hujalinda. Mimi ni mlinzi mwaka wa tisa huu, bohari la mbao, na nakwambia mwanga mdogo ndo mwanga. Ukikaa gizani dakika ishirini macho yanafunguka mpaka unaona paka akipita kwenye mbao, sasa washa ile tochi kali ya kizungumkuti mara moja tu, macho yote yanarudi sifuri, ukizima hapo we ni kipofu na mwizi anajua uko wapi. Mimi nina mbili, ndogo ya mwanga hafifu ya kutembelea na kusaini kitabu, na kubwa ya kummulika mtu usoni. Ile kubwa inaweza kupita wiki sijaiwasha. Ile ndogo inawaka kila usiku na betri nabadilisha mara chache mpaka nasahau.

Alafu jicho halihesabu kama mita. Lumeni 3 na lumeni 30 ukiziona kwa macho huwezi kusema hii ni mara kumi ya ile. Lumeni 3 unaona tundu la kufuli, unaona ngazi, unaona nyoka kwenye njia. Kama njia ya choo anaijua anahitaji nini kingine?

kijana_wa_Naks:

Niaje wabongo. Huku kwetu betri tunaita mawe, tochi ya mawe mbili, redio ya mawe sita. Shosho yangu alikuwa na ile ya bati ya mawe mbili kubwa na balbu, mawe ikianza kuchoka anatoa anaanika kwa jua juu ya mabati, jioni anarudisha inawaka kidogo tena. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuuma uma hizo mawe na meno ati zipate nguvu, yaani nikikumbuka nashukuru Mungu niko na meno. Hapa Nakuru ndio zilikuwa zinatengenezwa, kiwanda cha Eveready kilifungwa 2014, sasa ni za kutoka nje tu.

Kwa swali lako bro, usiangalie tochi kwanza, angalia ile duka iko karibu na mathako anauza mawe gani. Ukimbebea tochi ya mawe haziko hapo umembebea mapambo.

MkingaMjini:

@kijana_wa_Naks hahaha kuanika betri hata sisi, baba alikuwa anazipanga kwenye ukuta wa mbele kama biskuti. Na umenigusa kwenye pointi. Nimempigia mama sasa hivi, duka la jirani lina AA na zile kubwa za redio, hizo nyembamba za AAA hana uhakika, anasema "zile za rimoti nani ana rimoti huku".

Volti_Kumi:

Wakuu mnamrudisha mtu nyuma na AA, dunia iko kwenye 18650. Betri moja ya kuchaji volti 3.7, inachaji kwa waya wa simu, moja ina nguvu kuliko AA tatu. Mimi yangu imeandikwa 9900 mAh, natumia mwezi.

fundi_lehemu:

@Volti_Kumi mkuu samahani, 18650 ni betri nzuri hata mimi natumia, ila hiyo yako ya 9900 umepigwa. Namba yenyewe ni vipimo tu, upana milimita 18 urefu 65, na kwenye bati la ukubwa huo hakuna ya kweli inayofika hata nusu ya hiyo 9900, nzuri kabisa za kampuni zinacheza kwenye 3500. Iweke kwenye mzani wa dukani, ya kweli ina gramu 45 na kitu. Kuna moja nililetewa nyepesi kama kiberiti, nikaipasua kwa uangalifu nje ya kibanda, ndani kuna kibetri kidogo cha chini ya nusu, kwingine kote wamejaza unga mweupe. Nikampa mwenyewe aone, akaniuliza unga ni wa nini nikamwambia ni wa kukuuzia.

Na kwa mama kijijini sipendekezi kwa sababu ile ile, ikiisha lazima achaji. Pia angalieni kuna zinazoitwa 14500, umbo ni sawa sawa kabisa na AA lakini ni volti 3.7. Tochi iliyotengenezwa kwa AA peke yake ukiichomeka hiyo inawaka kama radi mara moja, alafu kisaketi kinakwenda. Nimezika kadhaa za hivyo.

Volti_Kumi:

Basi nimepima mzani wa duka la mangi, gramu 31. Sina la kusema.

Nesi_wa_Zamu:

Naongezea upande wa macho ya mama maana naona wanaume mnapigana kwa miliampia. Miaka 71 kuna uwezekano ana mtoto wa jicho ameanza hata kama hajasema. Mtu wa hivyo mwanga mkali haumsaidii, unatawanyika ndani ya jicho anaona ukungu mweupe, na huo ukirudi kwenye ukuta uliopakwa chokaa ndo hata kizingiti hakioni. Kwa upande mwingine macho ya uzee yanataka mwanga zaidi ya ya kijana, kwahiyo ile hatua ya chini kabisa inaweza kuwa ndogo mno kwake kusoma dawa, hapo atumie ya kati. Mwambie amulike chini miguuni, akiwa ndani asimamishe tochi wima kwenye kikombe imulike dari, chumba chote kinapata mwanga mlaini bila kumchoma.

Rangi pia. Chagueni yenye mwanga wa njano njano kidogo. Ule weupe wa bluu bluu unaua rangi zote, mimi zamu za usiku umeme ukikatika nimewahi kutafuta mshipa wa mtoto kwa tochi ya hivyo, ngozi yote inaonekana kijivu, nikaomba ya mlinzi ya balbu ya zamani nikauona mara moja. Na ile ya simu nimeshaishika sana kwa meno, usiku mmoja simu ilipigwa ikiwa mdomoni wakati mama anasukuma, ikatetemeka nikaiachia ikaanguka kwenye beseni. Baada ya hapo nikanunua ya kichwani.

Zamu_ya_Usiku:

@Nesi_wa_Zamu 😂😂 nani alikuwa anapiga

Nesi_wa_Zamu:

Mume wangu anauliza unga uko wapi.

MkingaMjini:

Wakuu mrejesho. Nilizunguka Jumamosi nzima na mita niliyoazima, maduka mawili walinifukuza, la tatu kijana akapenda mwenyewe akawa ananifungulia tochi moja moja tupime. Nimepata ya betri moja ya AA, ndefu kama kidole changu cha kati na kaupana kidogo kuzidi, hatua tatu, ya chini imesoma miliampia 24, na inaanzia chini ukiiwasha, sio zile zinazokuanzia kwenye mwanga mkali. Elfu 22.

Sikutaka kuamini karatasi nikaijaribu. Nilinunua betri za aina mbili, za bei rahisi zilizoandikwa heavy duty, maana hizo ndo zipo duka la mama, na za alkali. Nikaiweka bafuni juu ya ndoo iliyogeuzwa, imulike dari kama nesi alivyosema, nikawa naichungulia. Ile rahisi niliwasha Ijumaa saa mbili usiku, imezima kabisa usiku wa kuamkia Jumapili, saa saba kasoro hivi, kama masaa 29. Mke wangu kaja kunishika bafuni saa saba usiku natazama ndoo, sijui hata nilimjibu nini. Ya alkali niliwasha Jumatatu saa mbili usiku, Jumanne ipo, Jumatano ipo, Alhamisi usiku bado unaona vizuri japo imeanza kulegea, Ijumaa saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeamka nimekuta imezima na bado ya moto ndo nimeipishana. Ni masaa 81 na kitu. Kwa matumizi ya mama ya dakika arobaini kwa usiku, ile rahisi ni mwezi na nusu hivi na alkali ni miezi minne.

fundi_lehemu:

Safi sana mkuu, hivyo ndo inavyotakiwa. Vitu viwili kabla hujatuma. Moja, ile betri rahisi mwambie ikiisha aitoe siku hiyo hiyo, hizo zikikaa zimeisha zinatoa maji na yale maji yanakula springi na bati mpaka kifuniko hakifunguki. Alkali nazo zinavuja, zinatoa unga mweupe, ukiuwahi unachovya pamba kwenye limao au siki unasafisha vizuri unakausha. Mbili, akisafiri nayo kwenye mfuko alegeze kifuniko nyuma robo mzunguko, swichi hata ikibonyezwa haiwaki. Tochi nyingi zinaisha betri ndani ya mkoba, sio gizani.

Na Juni Julai huko kwenu kunaganda mpaka majani, betri za alkali zinalegea kwenye baridi. Akiona mwanga umefifia asitupe, aishike kwenye kiganja dakika chache kwanza.

Zamu_ya_Usiku:

Na kuna kosa moja la tochi zote hizi, zinapakwa rangi nyeusi. Umeme hakuna, giza, unatafuta kitu cheusi. Ifunge kitambaa cheupe.

MkingaMjini:

@Zamu_ya_Usiku hiyo nimeifanya. Nimeizungushia plasta nyeupe ya hospitali mizunguko mitatu, inasaidia pia isiteleze mkononi, alafu kwenye lile tundu la nyuma nimepitisha kamba niliyosuka kwa pindo la khanga yake ya zamani ili aivae shingoni. Nimempa dereva wa basi la Makete pamoja na betri sita.

...

MkingaMjini:

Wiki tatu baadae, kwa waliouliza. Simu ya mama sasa inapatikana muda wote. Anasema siku ya kwanza aliona kama nimemtumia mbovu kwa jinsi mwanga ulivyo mdogo, akataka kuirudisha kwa basi, alafu usiku akaenda nayo choo akaona inatosha, na zile hatua nyingine mbili anajua zipo ila "za nini". Analala nayo shingoni. Betri ni ile ile niliyoiweka mimi.

Jana kapiga, nikajua anataka betri. Kumbe mama mdogo alikuja kumsalimia kutoka Tandala, usiku akaazima tochi kwenda nje, asubuhi kaondoka nayo shingoni na hataki kupokea simu. Kijana wa lile duka la tatu bado anayo moja, naipitia kesho nikitoka kazini.